Kutoka foleni ya madumu hadi darasa la uandishi wa habari: mwongozo wa kuomba mafunzo ya likizo yenye ufadhili

Kila mwaka, ikifika Januari, hunijia mwanafunzi mmoja au wawili na simu mkononi. "Maalim, nimeona tangazo. Marekani wanatoa ufadhili kwa vijana wanaotaka kujifunza uandishi wa habari. Mwisho keshokutwa." Mimi ni mtu wa redio, Jumamosi husimamia klabu ya habari ya wanafunzi hapa Pemba, na swali langu huwa moja: umeshaandika nini? Mara nyingi kijana hunyamaza, au hunionesha insha aliyosifiwa darasani.

Hapo ndipo panapoharibika. Wanaosoma maombi hayo wanapokea mamia ya vijana wenye ndoto, nao wanamtafuta yule aliyekwisha kuanza kazi kabla hajaitwa. Ndiyo maana mwongozo huu hauanzii kwenye fomu. Unaanzia kwenye shehia yako, na fomu tutaifikia.

Kwanza kalenda

Wenzetu wanaposema programu ya kiangazi wanakusudia Juni, Julai na Agosti, miezi yao ya joto. Kwetu hiyo ni miezi ya kusi na kipupwe, watu wanajifunika shuka mbili. Usicheke, maana tofauti hii ndiyo inayowapotezea watu nafasi: likizo yetu ya katikati ya mwaka ni fupi, na programu ya wiki nne au tano inaweza kuingia ndani ya muhula.

Kwa hiyo tazama uko darasa gani. Aliyemaliza Kidato cha Nne mwezi wa Novemba ana nafasi mpaka Kidato cha Tano kifunguliwe Julai. Wa Kidato cha Sita humaliza mitihani Mei na yuko huru hadi vyuo vifunguliwe, lakini programu nyingi zinataka mwanafunzi aliyebakiza angalau mwaka mmoja wa sekondari, na huyo keshamaliza. Anayelengwa khasa ni wa Kidato cha Tatu au cha Tano. Kama tarehe zinagongana na masomo, mwandikie mwalimu mkuu barua ya kuomba ruhusa mapema, si wiki ya safari.

Programu nyingi za Marekani hufunga maombi kati ya Januari na Machi. Kwa miaka hii Ramadhani nayo imeangukia humo humo. Mwaka 2026 ilianza Februari ikaishia Machi. Ukisema utaandika insha baada ya futari, utaiandika baada ya tarawehe, na baada ya tarawehe utalala. Anza Oktoba.

Andika habari moja ya kweli

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hatua nyengine zote zinaning'inia hapa.

Chagua jambo unaloweza kulifikia kwa miguu. Si mabadiliko ya tabianchi duniani, si ajira kwa vijana. Chagua mfereji wa mtaani ambao maji hayatoki, bei ya pweza dikoni, karafuu zinazoanikwa juu ya lami badala ya jamvi. Ukiwa Kisiwa Panza, uliza wanakijiji wanavyofunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na nini hutokea siku ya kufungua. Ukiwa kusini Unguja, ukulima wa mwani uko mbele ya macho yako, na wanaoufanya wengi ni akina mama unaowaamkia kila siku.

Msichana mmoja wa klabu yetu alichagua maji. Siku ya kwanza alimwendea mama aliyekuwa kwenye foleni ya madumu, akamwamkia vizuri, kisha akauliza: "Mama, mnakabiliwa na changamoto gani hapa?"

"Changamoto nyingi, mwanangu," yule mama akajibu. "Tunaiomba Serikali itusaidie."

Basi, habari ikafia hapo. Ukiuliza changamoto utajibiwa changamoto nyingi, na mimi natamani neno hilo lipigwe marufuku kwa waandishi wanafunzi wote wa visiwani. Nikamrudisha aulize upya: "Mama, leo umeamka saa ngapi?" Saa tisa usiku. "Nani amebaki na watoto?" Mkubwa, ana miaka tisa. "Umepata madumu mangapi?" Mawili. "Na juzi?" Juzi nilirudi na matupu. Kwa maswali manne ya kitoto, habari ikasimama yenyewe.

Kisha hesabu kwa macho yako. Dumu la kawaida ni lita ishirini. Madumu mangapi yako kwenye mstari? Maji yametoka saa ngapi, yamekatika saa ngapi? Nenda siku tatu tofauti uandike kwenye daftari, na tarehe juu. Hakuna mfanyakazi wa afisi yoyote atakayekubishia daftari lenye tarehe.

Tafuta watu wa aina tatu: anayeumia, anayewajibika, na anayelijua jambo bila kuwa na upande. Kwa maji, anayewajibika ni Mamlaka ya Maji, na utamfuata kwenye afisi ya wilaya ukiwa na barua ya skuli. Kabla ya hapo pita kwa sheha umwambie unachofanya. Si kwamba sheha anatakiwa kuikagua habari yako; hapana, ruhusa hiyo humpi. Ni adabu ya mahali, na siku mtu akiuliza huyu mtoto ni wa nani, sheha atajibu. Afisi ikikataa kuzungumza, andika kwamba ulikwenda, siku gani, ukaambiwa nini. Mimi habari yangu ya mwanzo kabisa ilikuwa ya maji vilevile, nikaipeleka bila kuwauliza wahusika kwa sababu niliwaogopa. Mhariri aliirudisha na neno moja la kalamu nyekundu: "Wao?"

Kurekodi kwa simu kunatosha. Ila upepo wa kusi hauna huruma. Niliwahi kumrekodi mvuvi mzee bandarini Wete dakika arubaini, maneno ya dhahabu, nikafika nyumbani nikasikia upepo mtupu. Geuza mgongo upande unakotoka upepo, ivalishe simu soksi safi, rekodi sekunde kumi, sikiliza, ndipo uendelee. Na muombe mtu ruhusa kabla ya kubonyeza, si baada.

Ukikaa kuandika, utavutwa na mtindo tuliouzoea: "Wito umetolewa kwa mamlaka husika kuwapatia maji safi na salama wananchi wa shehia ya fulani." Wito umetolewa na nani? Msichana wetu alianza hivyo hivyo. Rasimu ya nne ilisomeka hivi: "Saa tisa za usiku mama wa watoto wanne anatoka na dumu la njano kwenda kushika nafasi. Mfereji ukitoa maji, hutoa kwa muda wa saa moja. Juzi haukutoa." Hakuna neno hata moja la kupamba, na msomaji anataka kujua kesho yake ilikuwaje.

Andika kwa Kiswahili kwanza, hata kama fomu inataka Kiingereza. Ukifikiri kwa lugha usiyoimudu utaandika yale unayojua kuyasema, si yale uliyoyaona.

Kuhusu kuchapisha, kuwa mwangalifu. Mambo ya habari si ya Muungano, kwa hiyo Zanzibar ina sheria zake: ya magazeti ni Namba 5 ya 1988, ya utangazaji ni Namba 7 ya 1997. Juu ya hizo kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayogusa taarifa za uongo, na kuendesha chaneli ya habari mtandaoni kunataka leseni. Usifungue chaneli yenye nembo ya kipaza sauti kwa sababu rafiki yako kafungua. Ubao wa matangazo wa skuli, jarida la klabu au kipindi cha redio ya jamii vinatosha, tena vina mtu mzima wa kukukagua. Na kesi za udhalilishaji wa watoto usizishike kabisa kwa umri huu. Ukisikia jambo, mfikishie mwalimu unayemuamini.

Chagua programu, anza na iliyo karibu

Watu huanza na Marekani wakimaliza na Micheweni. Mimi naanza na Micheweni.

Pemba kuna redio za jamii Micheweni na Mkoani. Unguja kuna ya Tumbatu na ya Mtegani, Makunduchi. Mwanafunzi anayeandika barua ya adabu akaomba kukaa wiki mbili za likizo, kuangalia na kubeba nyaya, mara nyingi husikilizwa. Hailipi, lakini ndiyo itakayokupa sauti iliyorushwa hewani ya kuambatisha kwenye maombi. TAMWA Zanzibar, chama cha waandishi wa habari wanawake, na klabu za waandishi za Unguja na Pemba huwa na mafunzo ya hapa na pale, nenda ukaulize. Ukienda Unguja kwa lolote, tenga asubuhi moja ufike Nyaraka za Taifa, Kilimani, uombe kuona magazeti ya zamani kama Al-Falaq na Mwongozi. Utaona kwamba visiwa hivi vilikuwa na magazeti yanayogombana kabla babu yako hajazaliwa.

Za mtandaoni ni daraja la pili. Knight Center ya Chuo Kikuu cha Texas, Austin, imekuwa ikitoa kozi za uandishi wa habari bila malipo mtandaoni tangu 2012. Ni za watu wazima, lakini mwanafunzi mwenye Kiingereza cha kiasi anamudu. Chagua moja uimalize. Kozi tano ulizoziacha njiani hazimshangazi mtu.

Kwa Afrika, itazame Yale Young African Scholars ya Chuo Kikuu cha Yale. Ni ya wanafunzi wa sekondari wa Afrika na haitozi ada ya kushiriki. Si ya uandishi wa habari moja kwa moja, ni ya uongozi na maandalizi ya chuo kikuu, lakini kijana mwenye habari aliyoiandika mwenyewe ana la kusema kwenye insha yao.

Ndipo Marekani kwenyewe. Chuo Kikuu cha Princeton, jimbo la New Jersey, kina programu maarufu ya uandishi wa habari iliyoanza 2002, bure kabisa, kwa wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo. Ni nzuri, na si yako: ni ya wanaosoma sekondari za huko huko. Kila mwaka kuna anayelia kwa kutolisoma sharti hilo. Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, kina programu ya skuli yake ya uandishi wa habari ya Medill; ile ni ya kulipia, na msaada wa fedha huombwa kando. Kwa hiyo ukiona tangazo lolote, kabla hujaangalia picha za majengo tafuta mambo matatu: wanapokea wanafunzi wa nchi gani, wa darasa gani, na ufadhili wao uko wazi kwa wageni au kwa raia wao peke yao. Kama la tatu halikuandikwa, waandikie barua pepe ya mistari minne uwaulize. Huwa wanajibu.

Ufadhili, na maana ya neno "kamili"

Shika karatasi uandike: ada, malazi, chakula, nauli ya ndege, bima, viza, pasi, boti ya kwenda na kurudi, siku za kulala Dar es Salaam, fedha za mfukoni. Kisha weka alama mbele ya kila kitu wanachokilipia. Mara nyingi "ufadhili kamili" huwa ni ada, malazi na chakula, basi. Ukiwa Pemba unavuka maji mara mbili kabla ya kufika ubalozini, na hayo hayamo kwenye hesabu ya mtu aliyeko New Jersey. Yaandike kwenye fomu ya msaada wa fedha kwa tarakimu, usiandike "familia yetu ni maskini". Andika baba anavua, kipato chake hubadilika na msimu, wategemezi ni saba, na nauli ya boti kwenda na kurudi ni kiasi fulani. Hapo wanaelewa.

Uthibitisho wa kipato huwasumbua wengi, maana mvuvi na mchuma karafuu hana hati ya mshahara. Barua ya sheha inayoeleza kazi ya mzazi na idadi ya wategemezi, ikaambatana na tafsiri ya Kiingereza iliyogongwa muhuri wa skuli, ndiyo ninayowashauri wanafunzi wangu.

Ukiombwa kutuma fedha kwa namba ya simu ya mtu ili "kuhifadhi nafasi yako", funga ukurasa. Zipo programu zinazotoza ada ya maombi, lakini hulipwa kwenye tovuti ya chuo chenyewe, na unaweza kuomba usamehewe.

Fomu na insha

Fomu yenyewe ni kazi ya jioni moja. Linalochelewesha ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis, ripoti ya skuli inasema Hamisi, na jina la babu limeachwa. Linganisha hati zote mwezi wa Oktoba. Kama cheti kinahitaji marekebisho, anza na afisi ya wilaya ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na usitegemee kulimaliza kwa siku moja.

Barua ya pendekezo muombe mwalimu anayekujua, si mwenye cheo kikubwa. Mpe wiki tatu, mpelekee nakala ya habari yako na mistari mitano ya mambo uliyoyafanya. Mwalimu ana wanafunzi sitini, akumbuke nini? Ukimuachia mikono mitupu ataandika kwamba wewe ni mtiifu na unavaa sare vizuri.

Insha sasa. Tisa kati ya kumi ninazoletewa huanza hivi: tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuwa mwandishi maarufu. Futa. Anza kwenye foleni, saa tisa usiku. Eleza uliloliona, ulilolikosea, na swali ambalo mpaka leo hujalipatia jibu. Hilo la kukosea wengi hulificha. Mimi nadhani ndilo linalouza insha, kwa sababu linaonesha unaweza kufundishika. Msichana wetu aliandika juu ya swali lake la changamoto, alivyojibiwa, na alivyorudi kuuliza upya. Kiingereza chake kilikuwa cha kawaida. Mwalimu alimsahihishia sarufi, hakumwandikia, na hiyo ni tofauti ambayo msomaji mzoefu huiona kwenye aya ya kwanza.

Jambo la saa. "Saa 11:59 usiku kwa saa za New York" mwezi wa Februari ni saa mbili kasoro dakika moja asubuhi ya siku ya pili kwetu. Ina maana una usiku mzima wa ziada, na ina maana vilevile kwamba umeme ukikatika alfajiri umekwisha. Tuma siku tatu kabla.

Nyumbani

Usimpelekee mzazi habari siku umeshachaguliwa. Mkae mapema, ikibidi mwalimu awepo, na bibi asisahauliwe, maana kwenye nyumba nyingi neno la mwisho ni lake. Njoo na majibu: watalala wapi wasichana, nani msimamizi, chakula cha halali kipo, sala itakuwaje, namba ya dharura ni ipi. Haya yote unaweza kuwauliza wenye programu kwa barua pepe, na wamezoea kuulizwa. Baba mmoja aliyekataa katakata alibadilika aliposomewa ratiba ya siku nzima, saa kwa saa. Alikuwa akidhani watoto wanatembezwa tu.

Kama safari imeshindikana, ya mtandaoni inabaki. Darasa la saa saba mchana New York mwezi wa Julai ni saa mbili usiku hapa, baada ya Isha. Kaeni pamoja wawili watatu, mchangie bando.

Pasi na viza

Pasi huombwa Uhamiaji, fomu hujazwa mtandaoni, na aliye chini ya miaka 18 huhitaji ridhaa ya mzazi. Usingoje kuchaguliwa ndipo ukusanye hati. Viza ya Marekani mahojiano yake ni Dar es Salaam, na masharti kwa Watanzania yamekaza sana siku hizi, kwa hiyo soma tovuti ya ubalozi kabla hujalipa hata shilingi. Hii ni sababu nyengine ya kuweka mguu mmoja kwenye programu za Afrika na za mtandaoni.

Ukishafika, iwe ni Chicago au ni chumba cha kompyuta cha skuli

Wiki ya kwanza utajiona mjinga. Wenzako wana kamera na wanazungumza haraka. Kaa mbele, na kila siku peleka swali moja uliloliandika usiku. Omba habari yako isahihishwe mbele yako, sentensi kwa sentensi, hata kama inauma. Marekebisho hayo ndiyo mali unayorudi nayo, fulana itachakaa. Watakutaka uandike juu ya Zanzibar, na wengi wao wanaijua kwa fukwe tu. Usiwape fukwe.

Usipochaguliwa, habari yako bado unayo. Msichana wetu mwaka wa kwanza hakuchaguliwa. Alipeleka rekodi yake redio ya jamii ikarushwa asubuhi, akaiambatisha kwenye maombi ya mwaka wa pili, akapata nafasi mtandaoni kwa ufadhili. Siku ya kurushwa alichukua redio ndogo ya nyumbani akaenda nayo kwenye foleni. Yule mama alijisikiliza mpaka mwisho, dumu kalikalia, kisha akamwambia: "Umesahau kusema juzi nilirudi na matupu." Msichana akafungua daftari kumuonesha kwamba limo. Mhariri alilikata.